Vyuma vya Gofu Bila Kofia

Mwanangu Mumbere,

Jana nilikupigia kelele mbele ya mama yako, na mbele ya Ramazani pia, dereva mwenye amekubali kukupeleka bure. Ramazani aliacha chai yake katikati akatoka nje kuangalia matairi ambayo hayakuwa na shida yoyote. Ungenijibu, ningepata njia ya kukuomba radhi palepale, mais wewe uliendelea kuvalisha vyuma vya gofu kofia zake, kimoja baada ya kingine, na mimi nikatoka kwenda kusimama kwenye migomba bila kazi. Leo umekwenda kuaga kwa shangazi yako. Jua bado liko juu ya mulima, nyumba imetulia, nimechukua bic yako na karatasi zako. Utanisamehe.

Sitakuandikia mambo ya sabuni, ya kula, ya kuamuka mapema, ya kwenda misa. Hayo mama yako atakuambia mpaka kamio ya Ramazani ianze kutembea, na ikianza kutembea atakimbia pembeni yake aendelee. Mimi nina jambo moja tu. Kesho utapita bariyeri ya njia ya Beni, pale wanajeshi wanaposimamisha kila mutu, na mgongoni utakuwa na mufuko wa gofu wenye vyuma vilivyofunikwa vichwa. Mumbere, mimi ninaogopa. Jana ulifikiri ni hasira. Haikuwa hasira. Mutu wa umri wangu anaona haya kusema "ninaogopa" mbele ya dereva, basi anapiga kelele.

Maneno yako nayajua, na uliyasema vizuri kuliko mimi. "Papa, bale ba ng'ambo bataangalia vichwa vya vyuma mbele ya kuniangalia mimi." Ni kweli. Wakubwa wa ule uwanja wa gofu, kule Uganda, nyuma ya Ruwenzori, walimwambia Ramazani hivi: kijana akuje na vyuma vyake, tutamupa wanaoanza awafundishe. Bila vyuma utakuwa mubeba-mufuko kama mimi nilivyokuwa, na wabeba-mufuko wamejaa huko. Tena barabara ni ile unayoijua. Kamio itaruka kutoka hapa Butembo mpaka Kasindi, vyuma vitagongana njia yote, na mutu anayejua kazi ataona makovu kwenye uso wa chuma mara moja. Yote hayo ni kweli. Nusu ya maisha yangu niliipitisha nikizuia vyuma hivihivi visigusane, sasa nitakubishia nini?

Acha nikueleze kutoka mwanzo, sababu wewe Patroni ulimukuta amekwisha zeeka, hatoki tena kwenye veranda.

Patroni alikuwa muzungu wa kahawa. Shamba lake lilikuwa njia hiyohiyo ya Beni, na malisho ya ng'ombe aliyageuza uwanja wa gofu. Ng'ombe ndio waliokata majani. Mashimo yalikuwa makopo ya maziwa tuliyoyafukia katika udongo. Siku ya Mungu, baada ya misa, wazungu wenzake walikuja, wengine kutoka mbali kama Luofu, wanapiga mupira mpaka mvua iwafukuze. Mimi nilibeba mufuko wake. Alinifundisha kutembea nyuma ya bega lake, kutosema hata neno akisimama kupiga, kupangusa kila chuma na kitambaa cha maji kisha na kikavu, na kukirudisha mahali pake, vya namba ndogo mbele, vya namba kubwa nyuma. Vyuma vikigongana nikitembea, Patroni aligeuka akaniangalia. Hakutukana, hakupiga kelele. Aliangalia tu, na mimi nilitamani ardhi inimeze.

Katika wale wageni kulikuwa munganga mumoja wa hospitali, ambaye kila chuma chake kilikuwa na kofia ya sufu, bibi yake ndiye aliyezifuma. Tulimucheka, wee! Anavua kofia, anapiga, anavalisha kofia, anatembea, anasimama, anavua tena. Siku moja kofia ilipotea katika majani na sisi wote, wazungu kwa weusi, tukainama tunatafuta kofia, mupira tumeusahau. Siku ile Patroni alisema, "Vile vya mbao njo vinavaa kofia, sababu mbao inapasuka. Chuma kilitengenezwa kwa kupiga udongo na mawe. Ukikifunika, unakiogopea nini?" Na kwa hali yetu ya hapa, ukungu asubuhi, mvua mangaribi, kofia za munganga zililala mbichi katika mufuko juma nzima. Alipozivua, vyuma vilikuwa vimeshika kutu kama jembe la mujane.

Mais mimi, kimoyomoyo, nilikuwa upande wa munganga. Mimi ndiye niliyepangusa, mimi ndiye niliyeona kila kovu. Patroni alipokwenda kwao kwa mapumziko, nilimuomba mama yako, tulikuwa tumeoana hata mwaka haujaisha, anishonee kofia za vyuma vyote. Alikata blanketi la zamani, akatia namba na uzi mwekundu. Usiku wa Noeli alikuwa bado anashona, nikamwambia aache, akasema, "Mutu haachi mutoto nusu uchi." Patroni aliporudi alicheka mpaka kikohozi kikamushika. Kisha akakubali: vyuma vikilala ndani ya nyumba, vivae. Vikitoka kwenda uwanjani, vivuliwe. Tukaishi hivyo miaka mingi bila ugomvi. Kofia ulizozivalisha jana ni zilezile, mama yako ametia viraka tu.

Vita ya kwanza ilipofika huku kwetu, Patroni aliondoka muchana na valizi moja katika gari ndogo ya misioni. Alishusha kioo akasema, "Kambale, vyuma uvitunze mpaka nirudi." Hakurudi. Tulisikia alifia kwao.

Sasa Kakule. Papa mudogo wako wewe unamukumbuka kwa mabega yake, sababu alikuwa anakubeba juu mpaka unagusa vikonyo vya ndizi, mama yako akipiga makelele jikoni. Alikuwa mudogo wangu wa tumbo moja, aliniita Yaya kama mudogo anavyoita mukubwa wake. Siku watu walipoanza kuvunja nyumba ya Patroni, nilisema twende tuchukue mufuko kabla haujaibiwa. Kakule alisema, "Yaya, vyuma vya muzungu vinatuhusu nini leo?" Nikamwambia niliachiwa mimi. Akanifuata. Tuliukuta nyuma ya kabati, kofia zimemwagika chini. Mvua ilikuwa inaanza, barabara tope tupu. Basi nikavalisha vyuma kofia, vyote, nikajiambia vitalowa.

Bariyeri ilikuwa bambu moja imelazwa juu ya mapipa mawili. Vijana wenye buti kubwa kuliko miguu yao.

"Nini oyo?" mumoja akauliza kwa Kilingala, akisukuma mufuko na mudomo wa bunduki.

"Ni vyuma vya gofu, chef."

"Gofu ni nini?"

Eh, Mumbere. Muelezee gofu mutu ambaye hajalala usingizi wa kweli tangu alipotoka kwao. Nilisema ni muchezo, wazungu wanapiga kamupira kadogo kanaingia katika shimo. Akaangalia wenzake. Mbele yake aliona vitu virefu vya chuma, vimefungwa vichwa na blanketi, na kila kimoja kina namba. Leo nikiwaza naona kile alichokiona yeye. Siku ile sikuona, mimi niliona vyuma vyangu tu.

"Fungola!" akasema. Nifungue.

Hapo mikono yangu ndiyo iliyoniharibia. Nilishusha mufuko polepole, upande wa kuume, kama nilivyofundishwa. Nikavua kofia ya namba tatu, nikaitia mufukoni mwa suruali. Kichwa cha chuma kilikuwa na maji, nikakipangusa na shati. Nikakirudisha mahali pake, taratibu, kisiguse kingine. Nikashika namba ine. Nakuapia sikuwa nawachezea. Sikuwa naficha kitu. Mukono ulikuwa unafanya ile kazi uliyoizoea, basi. Kakule ndiye aliyeona nyuso zao kabla yangu. "Yaya, mwaga vyote chini! Mwaga!" Mais yule mwanajeshi alikuwa amekwisha rudi nyuma, na tukasikia bunduki ikilia krak. "Anachelewesha makusudi! Iko kintu chini!"

Walipiga mufuko teke, vyuma vyote vikamwagika katika tope. Chini hakukuwa kitu. Ingepaswa kuishia hapo. Mais makelele yalimutoa mukubwa wao katika nyumba ndogo ya nyasi. Akaangalia vyuma, akaangalia kofia, akaniangalia mimi, bado nimeshika kofia ya namba ine mukononi. Akacheka kweli, mutu mwenye furaha zake. "Angalia, banavalisha chuma nguo. Basi hawa bako bazuri kwa kubeba." Kulikuwa masanduku ya kupeleka upande wa Eringeti na watu wa kuyabeba hawakutosha.

"Mwenye mufuko ni nani?"

"Ni mimi, chef."

"Chukua takataka zako, toka. Huyu anabaki."

Kakule aliniangalia. Hakulia, hakubishana, alijua bei ya kubishana. Alisema, "Enda, Yaya. Mangaribi niko nyumbani."

Na mimi nikaokota, Mumbere. Kakule anatwishwa sanduku kichwani, na mimi nimepiga magoti katika tope naokota vyuma, hata kofia naziokota, moja moja. Sikujua mikono niipeleke wapi.

Mufanyabiashara mumoja alisema alimuona Eringeti amekonda. Mwingine akasema kuna mutu anayefanana naye anauza chumvi Kamango, ana bibi na batoto. Mama yako anauliza kila mutu anayetoka huko. Hatujafanya matanga, sababu hatujui kama tumulilie. Wewe hayo unayajua, umekua ukiyasikia. Mais wewe na mama yako munasema niko mukaidi juu ya kofia, ndiyo maana nimeyaandika yote kwa musitari, uone pale ninapoyaonea mimi.

Mama yako ana maneno yake, tena wewe unamuunga mukono. "Kofia zangu hazikuchukua mutu. Balikuwa banatafuta bantu ba kubeba. Hata ungebeba viazi bangemuchukua." Pengine anasema kweli. Nikikaa peke yangu naona anasema kweli, na hapo ndipo ninapoogopa zaidi. Kama ni kofia, basi nitakuambia vua, utavua, utapita, nitalala. Kama si kofia, hakuna kitu nitakachokuambia uvue.

Bado nasema vua. Kitu kinachoonekana mara moja, wanajeshi wanakiangalia mara moja. Kitu kilichofungwa kinawaita wakae, na wakikaa, mawazo yanawaingia kichwani: huyu kijana ana nguvu, huyu ana viatu vizuri, huyu anakwenda wapi? Makovu kwenye chuma tutayasugua. Kutu tutaitoa na mafuta na jivu. Hayo ninayaweza. Wale wa ng'ambo wakikukataa juu ya makovu, utabeba mifuko ya watu mwaka mumoja, hutakufa.

Mais nisikudanganye pia. Vyuma uchi navyo vinanitisha. Vinang'aa, vinalia ngeli-ngeli katika kamio, na mwanajeshi mulevi anaweza kusema ni fimbo za kuulia watu. Nimezunguka kwenye jambo hili tangu Ramazani alipoleta habari ya kazi. Mama yako anafikiri sili sababu ya meno.

Unakumbuka siku ya bati la jirani yetu Mama Kahambu? Ulikuwa umepanda juu ya dari bila ruhusa, umeshusha chuma namba saba, ukaenda nyuma ya nyumba, pale kwenye kiwanja cha wamasista. Ulikuwa na mupira mumoja wa Patroni, wa mwisho. Ukaupiga. Mupira ukaenda kuangukia bati la Mama Kahambu: paa! Wee, avenyu nzima ilikimbia, watu walifikiri ni bunduki! Magodoro kichwani, mbuzi kwa kamba, muzee wa kona ambaye tangu Pasaka hakusimama alitupita wote kwenye mutelemko. Tulishuka mpaka kwenye mutumba, lile bonde la maji, tukalala katika majani ya mafunjo na maji yanatuingia masikioni. Kisha ukaja wewe, unatembea polepole, chuma begani. "Papa, munakimbia nini?"

Nilikupiga kofi. Watu walicheka, nawe ulifikiri nimekupiga juu ya mupira. Sasa ukweli: niliposikia ule mulio nilimunyakua dada yako mudogo nikakimbia, na wewe sikukutafuta. Nilijua uko nyuma ya nyumba. Miguu haikuniuliza. Nilipokuona unashuka ule mutelemko muzima, nilikuwa nimekaa ndani ya maji yale nikihesabu kwamba nimekwisha poteza watu wawili kwa njia moja. Kofi lile lilikuwa la kwangu, likaangukia kwako.

Kesho yake niliona alama kwenye bati na nikapima kwa macho ulikosimama. Nikasema moyoni, huyu mutoto ana mukono! Ndipo nilipoanza kukufundisha. Patroni mwenyewe hakuwa na ule mukono, namukumbuka vizuri, alipiga kama mutu anayefukuza kuku. Wewe unapiga na mupira unakwenda. Kazi hii ni yako, Mumbere, sitaki uikose juu ya woga wangu. Tayari umekosa mengi juu ya huo. Ulitaka kusoma Beni, kwenye ile shule ya ufundi, nikasema hakuna pesa. Pesa ilikuwapo, ilikuwa ya ng'ombe mumoja, mama yako alikubali. Arusi ya binti ya shangazi yako kule Eringeti, nilisema naumwa mugongo. Tangu siku ya Kakule sijawahi kupita bariyeri ile hata mara moja. Wanajeshi wamebadilika, vita ya kwanza imekwisha, ya pili imekuja, waliolaza bambu ile pengine wamekufa, na mimi bado nikifika kilima cha mwisho cha mutaa naona giza, narudi nyumbani nasema nimesahau kitu. Wewe umesubiri mpaka ndevu zimeota. Hujanilaumu hata siku moja, na ningependa ungenilaumu.

Nilipoanza kuandika, barua ilikuwa fupi kichwani mwangu. Ilikuwa: vua kofia, pita, Mungu akulinde. Sasa nimefika hapa na ninaona kwamba maneno hayo ni mepesi sana kwa mutu anayebaki kwenye kiti. Nakuambia pita pale, mimi mwenyewe siwezi kupita. Ni aibu.

Nimeacha bic mezani nikaenda jikoni. Mama yako alikuwa anakuchomea mihogo ya njiani. Nikamwambia nilichowaza. Hakugeuka. Alipindua mihogo, akapuliza moto, nikafikiri hakusikia. Kisha akasema, "Ukikwenda, vala koti. Kule njiani kuko baridi." Akafuta mikono, akaingia chumbani kwako, akaketi kitandani na mufuko, akaanza kuzivua kofia zake mwenyewe, moja moja, akizikunja. Sikumuomba. Miaka yote ile tuligombana juu ya kofia hizo, na leo amezivua yeye. Nilimushukuru, nikamwambia wasingya. Akasema, "Toka hapa, utaniliza."

Basi sikiliza, na usikasirike mpaka mwisho. Mama yako atakupa barua hii ukiamuka, na ukiamuka mimi nitakuwa nimekwisha toka. Kutoka jikoni nilikwenda kuongea na Ramazani. Yeye anaondoka alfajiri na kamio ya makabichi, nami nitakuwa mbele pembeni yake, mufuko katikati ya magoti, vyuma uchi, vinalia vinavyotaka. Wewe utapanda kamio ya pili, ya mudogo wake, jua likisha toka. Mikono mitupu, mihogo yako na nguo zako tu. Tukifika bariyeri nitashuka mwenyewe kabla ya kuitwa, na nitamwaga vyuma vyote chini kabla hawajauliza. Sitapangusa hata kimoja. Wakisema gofu ni nini, nitasema ni fimbo za wazee wa kizungu, na mimi ni muzee, wataniamini. Wakitaka kuvichukua, wavichukue. Mugongo wangu kwa masanduku yao hauna faida, wataona.

Usifikiri nimekuwa shujaa. Ramazani nimemwambia anizungumzishe njia yote, hata akinisimulia mambo ya mashini ya kamio, asiniache ninyamaze. Amesema, "Papa Kambale, mi ntaimba hata kaswida, utachoka weye." Ni mutu muzuri. Ukipata pesa huko, umukumbuke.

Dada ya Ramazani anauza chai Beni, karibu na mulango wa soko, mbele ya duka lake kuna benchi ya mbao. Mudogo wa Ramazani atasimamisha kamio pale. Ukiniona nimekaa kwenye benchi, usikimbie, usilie mbele ya watu. Njoo unywe chai. Kutoka pale tutapanda pamoja mpaka Kasindi, vyuma vitakuwa mukononi mwangu mpaka kwenye mupaka, na kwenye mupaka nitakuvalisha mufuko begani, ule niliomubebea Patroni miaka yote, mais safari hii nitakuwa nafurahi. Nitarudi nyumbani kwa njia ileile, peke yangu, na nikiiweza mara mbili pengine siku nyingine nitaendelea mpaka Eringeti, kuuliza habari za Kakule mimi mwenyewe.

Na kama benchi ni tupu, Mumbere, usimuulize dada ya Ramazani, usiulize mutu yeyote, usirudi bariyeri kunitafuta. Mimi nilisimama pale nikasubiri Kakule mpaka walipotaka kunichukua na mimi. Wewe pita. Panda kamio, enda Kasindi, vuka. Bila vyuma, bila mimi, vuka hivyohivyo, mwanangu. Mama yako amekubali. Nimemuuliza mara mbili.

Papa yako,
Kambale